Nani Anajua Nini, na Lini: Mbinu za Usimulizi katika Hadithi za Kiswahili

Katika *Adili na Nduguze*, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, mjumbe wa mfalme anatumwa kufuatilia kodi iliyochelewa. Mwenyeji wake ni Adili, liwali mkarimu ambaye kila mtu anamsifu. Usiku mjumbe anamwona liwali huyo huyo akiwacharaza mijeledi manyani wawili, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Sababu haielezwi. Tunaipata baadaye, Adili anapofikishwa mbele ya mfalme ajieleze, na hapo ndipo tunarudishwa nyuma na kufahamu kwamba manyani hao ni ndugu zake wa damu.

Kisa chenyewe kilikuwapo kabla ya Shaaban. Mzizi wake uko katika Alfu Lela Ulela. Lakini tuchukulie kwamba kingeanza na kuzaliwa kwa ndugu watatu, kikafuata wivu wa wawili dhidi ya mmoja hatua kwa hatua hadi wakageuzwa manyani. Matukio yangekuwa yale yale, wahusika wale wale, na funzo juu ya husuda lile lile. Kilichopotea kingekuwa ile hamu inayomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Tofauti ya masimulizi hayo mawili haimo katika yaliyotokea. Imo katika swali la nani ameambiwa nini, na ameambiwa lini.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba swali hilo ndilo linalounganisha karibu mbinu zote za usimulizi. Msimulizi, kisengere nyuma, taharuki, kinaya, majazi, istiara, hata mandhari, vyote ni njia za kugawa habari kati ya watu wanne: mtunzi, msimulizi, mhusika na msomaji. Na historia ya hadithi za Kiswahili, kuanzia ngano za jioni hadi riwaya za Euphrase Kezilahabi, inaweza kusomwa kama historia ya mgao huo unavyobadilika.

Orodha ya shuleni

Wengi wetu tulikutana na mbinu hizi darasani. Tanzania tulifundishwa kugawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui. Upande wa fani ukapangwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Kenya, mtahiniwa wa kidato cha nne hukutana nazo katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, ambako hupewa dondoo, akatakiwa aeleze muktadha wake na kutaja tamathali zilizotumika. Mwanafunzi hodari hutoka hapo akiwa na istilahi tele: tashbihi, tashihisi, sitiari, taswira, kejeli, sadfa, uzungumzi nafsia, mbinu rejeshi.

Istilahi hizo zina faida. Bila majina, wahakiki hawawezi kuelewana, na kazi kama *Kamusi ya Fasihi* ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, imetupa lugha ya pamoja ya kujadili maandishi yetu. Tatizo linaanza pale orodha inapochukua nafasi ya usomaji. Mwanafunzi anaandika kwamba mwandishi ametumia taharuki, anataja ukurasa, anapata alama zake, basi. Haulizwi taharuki ile imejengwa kwa kuficha nini, wala kwa nini ilifichuliwa pale na si sura tatu kabla. Mbinu inabaki kama pambo lililobandikwa juu ya kisa, wakati kwa kweli ndiyo iliyokifanya kisa kikawa hadithi.

Ngano: wote wanajua, ila mhusika

Tuanzie kwa fanani, msimulizi wa ngano. Katika ngano, hadhira mara nyingi imekwisha kuijua hadithi. Watoto wanajua kwamba sungura atashinda, na bado wanaitaka tena kesho. Kwa hiyo utamu hautoki katika kutojua mwisho. Unatoka katika kumwona mhusika akielekea mahali ambapo sisi tunapaona na yeye hapaoni. Maneno ya kufungulia hadithi na itikio la wasikilizaji yanafanya kazi hiyo tangu mwanzo: yanamweka fanani na hadhira upande mmoja, wenye ujuzi, na kuwaacha wahusika upande wa pili.

Sarufi nayo inamsaidia fanani. Kiambishi *-ka-* kinashikanisha tendo na tendo bila kueleza sababu: akaondoka, akafika, akabisha, akafunguliwa. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayejaza kwa nini. Fanani mzuri huutumia mnyororo huo kukimbiza kisa, kisha huusimamisha ghafla kwa *-ki-* au *-na-* anapotaka tukae tutazame. Kasi ya hadithi ya Kiswahili imo humo kwa kiasi kikubwa, na mwandishi asiyelisikia jambo hili huandika riwaya inayotembea mwendo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ngano pia imejua tangu kale kuweka hadithi ndani ya hadithi. Edward Steere alikusanya masimulizi ya Unguja na kuyachapisha mwaka 1870, na kimojawapo ni kisa cha kima na papa. Papa anampakia kima mgongoni kumpeleka kwao, ambako sultani ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anapoambiwa, anadai moyo wake ameuacha mtini. Anarudishwa, anapanda juu, haonekani tena. Papa anapomwita, kima anamjibu kwa kumsimulia kisa cha punda wa dobi, punda aliyenusurika mara moja kisha akarudi mwenyewe kwa simba. Mizizi ya visa hivi inafika hadi India, kupitia *Kalila wa Dimna* ya Kiarabu. Kinachotuhusu hapa ni kazi ya kisa cha ndani. Kima hatoi burudani. Anamwambia papa kwamba ameshajua, na mwenye kujua hashikwi mara mbili. Hadithi imekuwa hoja.

Mfano mkubwa zaidi ni Fumo Liyongo, ambaye habari zake Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitunga katika utenzi mwaka 1913. Mgao wa habari mle ni wa ajabu. Liyongo akiwa kifungoni, anampa kijakazi Saada ujumbe kwa njia ya wimbo. Walinzi wanausikia kila neno, wasiuelewe. Mama yake anauelewa, anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani. Baadaye mwana wa Liyongo, aliyehongwa na maadui, anamuuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Msikilizaji anaijua nia ya kijana, na baba naye si mjinga, lakini anataja: sindano ya shaba kitovuni. Kisha Liyongo aliyechomwa anakwenda kupiga goti kisimani na uta wake mkononi, anakata roho katika hali hiyo, na mji mzima unakaa na kiu kwa kuogopa maiti. Sisi tunajua amekufa, wao hawajui. Wahakiki wa leo huliita jambo hili kinaya cha kidrama na kulifundisha kwa mifano ya Wagiriki. Lamu lilikuwapo.

Msimulizi: mwenye funguo

Uandishi wa nathari ulipoingia, swali la kwanza likawa nani anashika funguo. Msimulizi maizi, yule anayeingia katika kila moyo, alirithi kiti cha fanani, na riwaya nyingi za mwanzo zinamwamini kabisa. Lakini hata Shaaban Robert, ambaye msimulizi wake hupenda kuhukumu, alijua kumpokonya kauli. Katika *Kusadikika* (1951), mshtakiwa Karama anasimama barazani mbele ya Waziri Majivuno, aliyemshitaki. Utetezi wake ni masimulizi: wajumbe sita waliopelekwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini, wakarudi na habari njema, wakalipwa adhabu. Kila kisa kinafanana na kilichotangulia. Msomaji asiye na subira analalamika kwamba kuna urudiaji. Lakini mahakama ndiyo inayosimuliwa mambo iliyoyatenda yenyewe, na urudiaji ndio ushahidi. Kosa moja lingeitwa bahati mbaya. Sita ni mfumo. Muundo wa kitabu umebeba hoja ambayo hakuna hotuba ingeibeba.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar akaja na mgao mwingine. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa 1960, inamleta Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenzake Najum. Urithi wa Sherlock Holmes hauna kificho. Mtindo huu unahitaji watu wawili wanaoona vitu vile vile, mmoja akivielewa na mwenzake asivielewe. Najum yuko pale kwa niaba ya msomaji: ana macho yetu na mapungufu yetu. Bwana Msa anajua mapema, ananyamaza, na ukimya wake ndio unaoiendesha riwaya. Hapa mambo ya ngano yamepinduliwa. Fanani aliyetuweka upande wake sasa ametuhamishia upande wa wasiojua. Na Abdulla akaongeza ladha ya nyumbani: watu wanaufasiri uhalifu kwa mzimu na uganga, Bwana Msa anaufasiri kwa mantiki, na msomaji amewekwa katikati ya aina mbili za kujua.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kutia wasiwasi zaidi. Katika *Kichwamaji* (1974), Euphrase Kezilahabi anampa usimulizi Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayetumia nafsi ya kwanza. Kazimoto amesoma, ana maneno, anaweza kumchambua kila aliye mbele yake. Asichokiweza ni kujielewa. Msomaji anaanza kuona kwa kupitia yeye, kisha pole pole anaanza kuona kumpita: tunatambua ubaridi wake na kiburi chake kabla hajavitambua, kama amewahi kuvitambua. Mwishoni anajiua, na sauti iliyokuwa ikituongoza inakatika. Nafsi ya kwanza, ambayo vitabu vya kiada huisifu kwa kumsogeza msomaji karibu, hapa imetumika kumtia shaka.

Linganisha na Kongowea Mswahili katika *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Naye anajisimulia, kuanzia utoto wake Tanga hadi safari ya kumtafuta baba Kenya. Lakini yeye ni msimulizi wa kuaminika: asichokijua anakitafuta, nasi tunajua pamoja naye, hatua kwa hatua. Nafsi ni ile ile, matokeo yanapishana. Kwa hiyo kusema kwamba mwandishi ametumia nafsi ya kwanza ni kusema kidogo sana. La maana ni umbali uliopo kati ya anachokijua msimulizi na kile ambacho mtunzi amemruhusu msomaji akijue.

Wakati: kuchelewesha na kuwahisha

Kisengere nyuma, ambacho Wakenya hukiita mbinu rejeshi, huelezwa kama kurudi nyuma katika wakati. Maelezo hayo ni sahihi na hayatoshi. Kurudi nyuma kunafaa pale tu ambapo swali limekwisha kuzuka. Adili anatueleza ya ujana wake baada ya sisi kumwona akipiga manyani, kwa hiyo kila neno la zamani linajibu kitu. Mwandishi mchanga hufanya kinyume: anasimamisha kisa ili kutueleza utoto wa mtu ambaye bado hatumjali, na msomaji anaruka kurasa.

Mbinu ya kubashiri mbele, iwe kwa ndoto, kwa methali ya jina la kitabu au kwa tamko la msimulizi, hufanya kazi tofauti. Inatupa mwisho mapema na kuigeuza hamu yetu: hatuulizi tena nini kitatokea, tunauliza kitatokeaje. Tanzia yote imesimama hapo. Katika *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed (1972), msomaji anahisi mapema kwamba mapenzi ya Idi kwa Bahati yana hesabu ya mali ndani yake. Bahati hahisi. Hatungoji kushangazwa; tunangoja afumbue macho, na kungoja huko kunaumiza kuliko mshangao.

Taharuki ya papo kwa papo imepata makao katika fasihi pendwa. Tangu *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, iliyotoka 1965, hadi Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waandishi hawa waliwajua vizuri wasomaji wa mabasi na vibanda vya magazeti. Baadaye magazeti pendwa ya Tanzania, ambako Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi, yaliigeuza taharuki kuwa ratiba: kila toleo likatike pale mlango unapofunguliwa. Wasomi wameidharau kazi hii kupita kiasi. Ni kweli kwamba siri ikishafichuliwa, vitabu vingi vya namna hii havisomwi mara ya pili. Lakini nidhamu ya kukata kisa mahali panapouma ni ufundi, na baadhi ya riwaya zetu za heshima zingenufaika nao.

Wahusika na majina yao

Hakuna mbinu inayotoa habari mapema kuliko jina. Ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Mshitaki wa Karama ni Majivuno. Kabla mtu hajafungua kinywa, msomaji ameshajua amweke upande gani. Kenya huiita mbinu hii majazi, na wahakiki wengine wameiona kama dalili ya uchanga, kwamba mhusika wa namna hii ni bapa, hana kitu cha kugundua. Lawama hiyo inasahau kwamba Shaaban hakuwa akiandika uhalisia. Alikuwa akiandika istiara ya kimaadili, ambamo hamu ya msomaji iko katika jinsi wivu unavyotenda kazi, bila haja ya kubahatisha nani mwenye wivu.

Waandishi wa baadaye wakageuza majazi kuwa mtego. Katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Walibora, mtawala wa Sokomoko anaitwa Mtemi Nasaba Bora. Msomaji aliyezoea majina ya Shaaban anatarajia ubora na kukuta unyang'anyi wa ardhi. Jina limekuwa kinaya, na uwongo wake ni habari kuhusu utawala wenyewe: madaraka yanajipa majina. Mle mle yumo Mwalimu Majisifu, aliyeuiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Mswada huo unaitwa *Kidagaa Kimemwozea*. Kitabu tunachokishika mkononi kinafanana jina na kitabu kilichoibwa ndani yake, na Walibora ameweka katika kisa kimoja swali la nani amepora ardhi na nani amepora maneno.

Nguvu ya ujenzi wa mhusika imewahi kupimwa nje ya darasa. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza wa *Twende na Wakati*, juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Uliundwa kwa kufuata njia ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni wa Meksiko, ambaye aligawa wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wa katikati ambao hawajaamua. Dereva wa lori Mkwaju, mlevi na mpenda wanawake, alikuwa wa kuepukwa. Mkewe Tunu alianza akiwa mnyonge, akabadilika kidogo kidogo. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo haukurushwa kutoka mtambo wa Dodoma, ili watafiti walinganishe wasikilizaji wa kwingineko na wale wasiousikia. Walikuta kwamba ulichangia watu kuukubali na kuutumia uzazi wa mpango.

Kwa mhakiki, la kujifunza hapa linahusu yule mhusika wa katikati. Mtu mwema kabisa anatuambia tunachokijua. Mtu mwovu kabisa vile vile. Anayesita ndiye anayetufanya tufikiri, kwa kuwa hata yeye hajui atafanya nini kesho. Vitabu vya kiada vinamwita mhusika duara na kumsifu kwa kufanana na binadamu halisi. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba amebakiza kitu kisichojulikana.

Mandhari na lugha

Mandhari dhaifu hutuambia jua lilikuwa linachwa. Mandhari yenye kazi hutuambia mhusika anaruhusiwa kujua nini. Katika *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi (1999), ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021, Yasmin anaondoka katika ndoa ya kulazimishwa na Bwana Raza na kuangukia Ng'ambo, kwa Mwajuma, penye ngoma, taarabu na siasa za kudai uhuru. Umbali kutoka Mji Mkongwe ni mfupi wa kutembea kwa miguu, lakini Yasmin anavuka kutoka ulimwengu ambao ulimficha kila kitu hadi ulimwengu ambao watu husema. Ramani ya Unguja imefanya kazi ya sura nzima za maelezo.

Juu ya tamathali nitakuwa mfupi, kwa kuwa ndizo zinazopewa kurasa nyingi mno mahali pengine. Tashbihi na sitiari zina thamani katika usimulizi zinapotufunulia akili ya anayezitumia. Mvuvi na mwanasiasa wakitazama bahari ile ile wataifananisha na vitu tofauti, na msomaji makini hujifunza juu yao zaidi kuliko juu ya bahari. Methali nazo huwa na nguvu zinapotoka katika kinywa kisichostahili. Mwizi akihimiza subira, methali imekuwa ushahidi dhidi yake.

Kinaya: msomaji anatangulia

Mbinu inayodhihirisha vizuri zaidi mgao wa habari ni kinaya cha kidrama. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980), Bwana Maksuudi anajulikana mjini kama mtu wa heshima, anayewafungia ndani mke na binti kwa jina la maadili, huku yeye mwenyewe akimfuata Kazija kwa siri. Kazija ana sababu zake za kulipiza. Anapanga mambo hadi Maksuudi anakutana uso kwa uso na mwanawe Mussa katika nyumba ile ile. Tukio hilo lingeweza kuandikwa kama kioja. Linakuwa zaidi ya hapo kwa sababu msomaji ameshabebeshwa siri tangu mapema, na kila kauli ya Maksuudi juu ya heshima inasikika kwa masikio mawili. Ufundi wa Said uko katika kutufanya tushiriki: tumejua, tumenyamaza, na fedheha inapofika tunagundua kwamba tulikuwa tukiisubiri kwa hamu.

Pasipo na anayejua

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kezilahabi alivunja mkataba wote. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) ni vitabu vyembamba ambavyo havina mahali pa kushika. Msimulizi anatembea katika miji isiyo na majina, anakutana na vivuli vya wanafalsafa wa Ulaya, anamfuata paa ambaye huenda ni ukweli na huenda si chochote. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa anasubiri mtu aje akusanye vipande na kueleza. Haji.

Waliomfuata walichukua njia zao. Wamitila katika *Bina-Adamu!* (2002) anatumia safari ya kindoto kuhoji nguvu zinazotawala dunia, na Said Ahmed Mohamed katika *Babu Alipofufuka* (2001) anamleta marehemu kumsuta mjukuu aliyenogewa na madaraka. Wasomaji wengine wamelalamika kwamba riwaya hizi ni ngumu na zimeukimbia umma. Lalamiko hilo lina haki kiasi. Lakini ugumu wa *Nagona* una maana yake. Kezilahabi, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, alikuwa ameacha kuamini kwamba kuna mtu anayekaa juu ya dunia akiijua yote. Mtu mwenye imani hiyo hawezi kuandika kwa msimulizi maizi bila kujipinga.

Mtu wa tano

Nilisema habari hugawanywa kati ya watu wanne. Kwa waandishi wetu wengi yupo wa tano: mwenye mamlaka ya kuzuia kitabu. Shaaban aliiweka nchi ya Kusadikika ikielea angani, mahali ambapo hakuna mkoloni anayeweza kusema ametajwa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya *Mashetani* (1971), aliyaweka mapinduzi na utabaka katika mchezo wa shetani na binadamu. Kezilahabi alipochapisha *Rosa Mistika* mwaka huo huo, aliyasema kwa uwazi mambo ambayo kila mzazi na mwalimu aliyajua juu ya wasichana, pombe na shule, na kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Istiara kwa maana hiyo ni hesabu ya hatari: inamwambia msomaji jambo na kumpa mdhibiti nafasi ya kujifanya hakusikia. Wimbo wa Liyongo mbele ya walinzi ulifanya kazi hiyo hiyo.

Tukitazama hivyo, udhaifu mkubwa wa sehemu ya riwaya zetu unaonekana wazi. Ni msimulizi asiyeweza kunyamaza: amekwisha kutuonyesha mtu akihongwa, anaongeza aya ya kutueleza kwamba rushwa ni mbaya. Desturi hii ina wazazi wawili, fanani aliyemaliza kwa mafunzo na mtihani unaodai mafunzo yaorodheshwe. Lakini fanani alikuwa na hadhira hai iliyoweza kumkatiza, na kima hakumfafanulia papa maana ya kisa cha punda. Alimwachia.

Kwa mwalimu na mhakiki, njia ya kupima mbinu ni rahisi kuliko orodha. Chukua kipande kimoja cha habari katika hadithi, kisogeze mbele au nyuma, au mpe mtu mwingine akijue, kisha usome tena. Kama hakuna kilichobadilika, mwandishi alikuwa anapamba. Kama hadithi imevunjika, umeigusa mbinu iliyoishikilia, na hapo una jambo la kuandika ambalo mwongozo wa mtihani hauna.